Arthur Wharton, mlinda lango wa Accra aliyelala miaka 66 kwenye kaburi lisilo na jina

Tarehe 13 Desemba 1930, mzee mmoja mweusi alikufa katika sanatorium ya Springwell mjini Doncaster, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 65. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe, na alikufa bila mali. Alizikwa katika makaburi ya kijiji cha Edlington, upande wa maskini. Hapakuwekwa jiwe, wala msalaba, wala kibao cha jina lake.

Mzee huyo aliitwa Arthur Wharton. Miaka 44 kabla ya kifo chake alikuwa mtu mwenye mbio kuliko wote katika Uingereza nzima. Na katika mpira wa miguu, yeye ndiye anayehesabiwa leo kuwa mchezaji wa kwanza mweusi kulipwa mshahara ili kucheza. Mwafrika anayevaa jezi ya timu ya Ulaya na kulipwa kwa kazi hiyo anapita katika njia ambayo Wharton aliipita mbele, peke yake, zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Lakini sehemu kubwa ya maisha yake haikupita katika viwanja vikubwa. Wharton alikuwa mchezaji wa madaraja ya chini, wa miji midogo ya viwanda na migodi, akihama timu hii kwenda ile. Kwa hiyo maisha yake yanawahusu hata wachezaji ambao majina yao hayafiki mbali: wale wanaocheza kila juma kwa franga kidogo, na ambao siku moja mguu unakataa, na kazi nyingine hakuna.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Wharton alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 katika mtaa wa Jamestown, pembeni ya bahari, mjini Accra. Nchi hiyo iliitwa Gold Coast wakati huo. Leo ni Ghana.

Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kimethodisti. Alitoka kisiwa cha Grenada, katika bahari ya Karibi, na alikuwa na damu ya Kiafrika na ya Kiskoti. Mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wafante, kabila la pwani ya Ghana, naye pia alikuwa na damu ya Kiskoti. Haikuwa familia ya watu wa chini. Ilikuwa familia ya wasomi na wafanyabiashara, watu waliojua kuandika barua kwa wakubwa wa serikali.

Baba alikufa mwaka 1873, Arthur akiwa bado mtoto mdogo. Hata hivyo mpango wa familia haukubadilika: kijana asome Uingereza, awe mwalimu au mhubiri kama baba yake, kisha arudi kuhudumia watu wake. Baada ya kusoma huko kwanza akiwa mtoto, alirudi tena Uingereza mwaka 1882, akaingia chuo katika eneo la Cannock. Mwaka 1884 alihamia Cleveland College mjini Darlington.

Huko Darlington mpango wa familia uliharibika. Kijana aliyetumwa kujifunza kuhubiri aligundua kwamba miguu na mikono yake ina kipaji kuliko mdomo wake. Alikimbia, akacheza kriketi, akaendesha baiskeli. Mwaka 1885 alianza kusimama golini kwa timu ya Darlington.

Mwaka huo wa 1885 una maana kubwa kwetu. Mnamo Februari, mkutano wa Berlin ulifungwa, na mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekubali Kongo iwe mikononi mwa Mfalme Leopold II. Wazungu wengi wa wakati ule walifundishwa, hata vyuoni, kwamba mtu mweusi ni kiumbe wa chini kwa akili na kwa mwili. Ni katika hali hiyo ambapo mtoto wa Accra alianza kujitokeza mbele ya maelfu ya watu, akiwashinda vijana wao katika michezo yao wenyewe.

SEKUNDE KUMI

Mwanzoni mwa Julai 1886, Wharton alifika London kushiriki mashindano ya taifa ya riadha, yaliyofanyika Stamford Bridge, uwanja ambao leo unajulikana kuwa nyumba ya Chelsea. Wakati huo klabu ya Chelsea ilikuwa bado haijaundwa. Wharton alikuwa na miaka 20.

Mbio zake zilikuwa za yadi 100, karibu mita 91. Alikimbia kwa sekunde 10 kamili katika mbio za mchujo, kisha akazirudia sekunde hizo hizo katika fainali. Katika mashindano hayo ya taifa hakuna mtu aliyekuwa amewahi kupimiwa muda huo kabla yake. Mwaka uliofuata, 1887, alirudi na kushinda tena.

Mwaka huo huo wa 1887 aliweka pia rekodi ya baiskeli katika njia ya kati ya Preston na Blackburn. Na wakati wa joto, mpira unapopumzika, alikuwa akicheza kriketi katika timu za Yorkshire na Lancashire. Mtu mmoja, michezo minne.

Magazeti yalimsifu, lakini sifa zenyewe zilikuwa na mchanga ndani. Mara nyingi jina lake halikuandikwa bila kutaja rangi ya ngozi yake, na lilikuwepo jina la utani la kumdharau ambalo lilimfuata hadi mwisho wa maisha yake ya michezo. Akishinda, walisema ni mwili wa Kiafrika. Akikosea, walisema ni akili ya Kiafrika.

KIPA ALIYECHEKESHA UWANJA

Ili kuelewa ujuzi wa Wharton, lazima kujua kwanza kwamba kazi ya mlinda lango wakati huo ilikuwa tofauti sana na ya leo. Kipa hakuwa na jezi ya rangi yake. Alivaa kama wenzake. Aliruhusiwa kushika mpira kwa mikono hata mbali na goli lake, katika nusu yote ya uwanja wa timu yake. Nyavu za goli hazikuwepo. Zilianza kutumiwa mwaka 1891, mwaka ambao penalti nayo ilianza. Na jambo baya zaidi: washambuliaji waliruhusiwa kumgonga kipa kwa bega na kumsukumia ndani ya goli. Kipa mlaini hakumaliza msimu.

Wharton alipata njia yake mwenyewe. Alikuwa akichuchumaa pembeni ya mlingoti, kama mtu asiyehusika na mchezo, halafu dakika ya mwisho anaruka kama chui na kuupiga mpira kwa ngumi. Ngumi yake ilikuwa maarufu. Ilipeleka mpira mbali kama vile umepigwa teke. Na mbio zake zilimsaidia kutoka golini na kumfikia mshambuliaji kabla hajajiandaa.

Kulikuwa na mchezo mwingine ambao watazamaji walilipa kiingilio ili wauone. Wharton aliruka, akashika mti wa juu wa goli kwa mikono, akaning'inia, kisha akaudaka mpira kwa miguu. Mzee mmoja wa Sheffield alilikumbuka jambo hilo miaka mingi baadaye, akaandika kwa gazeti: washambuliaji watatu walikuja kwa kasi, Wharton akaning'inia na kuubana mpira katikati ya miguu yake, na wale watatu wakaangukia ndani ya goli bila mpira.

Wapenzi wa mpira wa kwetu hawatashangaa. Walimwona Robert Kidiaba wa TP Mazembe mwaka 2010, katika Kombe la Dunia la klabu, akirukaruka kwa makalio kwenye nyasi kila timu yake ilipofunga bao, na dunia nzima ikacheka pamoja naye. Mazembe ilifika fainali mwaka huo. Kipa anayechekesha watu anaweza pia kuwa kipa anayezuia mabao. Ila Kidiaba alipochekesha alisifiwa kwa furaha yake. Wharton alipochekesha, kulikuwa na waandishi waliotumia jambo hilo kuthibitisha kwamba mtu mweusi hafai kwa kazi yenye uzito.

PRESTON, NA BAHATI ILIYOPITA KARIBU

Mwaka 1886 Wharton aliitwa na Preston North End, moja ya timu zenye nguvu kuliko zote za Uingereza. Mpira wa kulipwa ulikuwa umekubaliwa rasmi nchini humo mwaka mmoja tu kabla, mnamo Julai 1885. Lakini Wharton alicheza Preston kama mchezaji wa ridhaa, kwa sababu mwanariadha aliyepokea mshahara angefungiwa mashindano ya riadha ya watu wa ridhaa.

Katika msimu wa 1886-1887 alikuwa golini Preston ilipofika nusu fainali ya Kombe la FA, ambapo ilishindwa na West Bromwich Albion kwa mabao 3 kwa 1. Kulikuwa na watu waliosema wazi kwamba kipa huyu anastahili kuitwa timu ya taifa ya Uingereza. Hakuitwa, wakati ule wala baadaye.

Hapa ni lazima kutaja jina lingine, ili haki itendeke. Wharton hakuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika mpira wa Uingereza. Andrew Watson, aliyezaliwa Guyana, alikuwa ameichezea timu ya taifa ya Scotland mwaka 1881, tena akiwa kapteni, siku Scotland ilipoifunga England mabao 6 kwa 1 mjini London. Lakini Watson anajulikana kama mchezaji wa ridhaa, mtu mwenye urithi wake. Wharton ndiye aliyeufanya mpira kuwa chakula chake.

Mwaka 1888 Wharton aliondoka Preston ili kufuata mbio, ambazo wakati huo zilikuwa na pesa mjini Sheffield. Uamuzi huo ulimnyima jambo kubwa. Mwaka huo huo ligi ya kwanza ya mpira duniani ilianzishwa, ikiwa na timu 12. Preston ilicheza mechi 22, ikashinda 18, ikatoka sare 4, bila kushindwa hata mara moja. Ilichukua pia Kombe la FA bila kufungwa bao lolote. Hadi leo timu hiyo inakumbukwa kama timu isiyoshindika. Wharton hakuwa ndani yake.

KAZI YA MSHAHARA

Mwaka 1889 Wharton alisaini na Rotherham Town kama mchezaji wa kulipwa. Hapo ndipo alipoingia katika historia. Hapakuwa na sherehe. Ilikuwa timu ya mji wa chuma na makaa ya mawe, ambayo haikuwa hata katika ligi kubwa.

Rotherham palikuwa nyumbani kwake kwa miaka mingi. Mwaka 1890 alifunga ndoa na Emma Lister, msichana wa hapo. Timu ilichukua ubingwa wa ligi ya Midland mara mbili mfululizo, na mwaka 1893 ikapandishwa hadi daraja la pili la ligi ya taifa. Nje ya uwanja, Wharton aliendesha nganda. Hiyo ilikuwa desturi ya wachezaji wa wakati huo: jina la mchezaji linaleta wateja, na mteja anapenda kunywa pamoja na kipa wake. Lakini anayeuza pombe kila siku ana hatari ya kuwa mteja wake mwenyewe. Kwa miaka iliyofuata, pombe ilikuwa mzigo kwa Wharton.

Katika kipindi hicho alijaribu kurudi Afrika. Aliomba kazi katika serikali ya kikoloni ya Gold Coast. Alikuwa na elimu, alijua nchi, familia yake ilijulikana. Alikataliwa. Kwa wakubwa wa koloni, mtu aliyeishi kwa kukimbia na kucheza mpira hakuwa na heshima ya kutosha kushika ofisi. Mlango wa nyumbani ulifungwa, na Wharton hakuishi tena Afrika.

MECHI MOJA YA DARAJA LA KWANZA

Mwaka 1894 Sheffield United, timu ya daraja la kwanza, ilimchukua. Ilionekana kama nafasi aliyoingojea. Lakini msimu huo huo timu ilimchukua pia kijana wa miaka 20, William Foulke, mtu mrefu na mnene ambaye uzito wake ulizidi kuongezeka mwaka baada ya mwaka hadi akawa kivutio cha nchi nzima. Foulke ndiye aliyepewa goli. Wharton, ambaye alifikisha miaka 29 mwaka huo, aliketi pembeni.

Alicheza mechi moja tu ya ligi ya daraja la kwanza, dhidi ya Sunderland, mnamo Februari 1895. Mechi hiyo moja ilimfanya kuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika daraja la juu la Uingereza. Foulke aliendelea, akaichezea timu ya taifa mwaka 1897, akawa bingwa wa ligi mwaka 1898. Wharton alirudi Rotherham Town, timu ambayo mwaka 1896 ilianguka na kufa kabisa.

Kutoka hapo ni njia ya madaraja ya chini. Stalybridge Rovers mwaka 1896. Ashton North End mwaka 1897, hadi timu hiyo nayo ilipofilisika mwaka 1899. Kisha Stalybridge tena. Mwishowe Stockport County, katika daraja la pili, msimu wa 1901-1902. Huko alikuwa na miaka 36. Katika daraja hilo hilo msimu huo kulikuwa na timu maskini iliyokaribia kufungwa kwa madeni, Newton Heath. Mwaka 1902 timu hiyo ilipata wenye pesa, ikabadilisha jina, ikawa Manchester United. Wharton yeye, mwaka huo huo, aliacha mpira.

Aliacha bila akiba. Mchezaji wa wakati ule hakulipwa kiasi cha kuweka. Mwaka 1901 shirikisho la Uingereza lilikuwa limeweka hata kikomo: hakuna mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, hata akiwa nyota. Timu za chini zililipa pungufu ya hapo, na zikifa, zinakufa na mshahara wa watu.

CHINI YA ARDHI

Watu wa Lualaba, Haut-Katanga, Maniema na Kivu wanajua maisha ya mgodi bila kuelezwa. Hiyo ndiyo kazi iliyompokea Wharton. Alikwenda Edlington, karibu na Doncaster, akaajiriwa katika mgodi wa Yorkshire Main. Kazi yake ilikuwa kuhamisha makaa ya mawe, kazi ya watu wasio na cheo. Miguu iliyokuwa na mbio kuliko yote nchini ilitumika sasa kufuata mabehewa ya makaa.

Hakulalamika hadharani, na hakuna gazeti lililomfuata kumuuliza. Wakati wa vita vya 1914-1918, akiwa ameshapita umri wa kwenda vitani, alijitolea katika kikosi cha raia cha kulinda mji. Aliendelea kufanya kazi mgodini katika miaka ya 1920. Kisha ugonjwa ukamshika: saratani, pamoja na kaswende ambayo kabla ya penisilini haikuwa na tiba ya kuaminika. Ndiyo iliyompeleka Springwell, na Springwell ikampeleka kaburini.

Ghana ilikuwa bado Gold Coast. Uhuru wake ulifika mwaka 1957. Mtoto wa Jamestown hakuuona.

JINA LINARUDI

Kwa zaidi ya miaka sitini hakuna aliyemtafuta. Halafu, katika miaka ya 1990, viwanja vya Uingereza vikiwa bado vinasikika kelele za nyani na ndizi zikirushwa kwa wachezaji weusi, shirika moja la Sheffield lililopigana na ubaguzi katika mpira, Football Unites, Racism Divides, lilianza kuuliza habari za kipa huyo wa zamani. Mwanahistoria Phil Vasili alikuwa akichimba magazeti ya zamani na kumbukumbu za makanisa ili kuyakusanya maisha yake.

Pesa zilichangwa. Mnamo Mei 1997, kaburi la Edlington liliwekewa jiwe lenye jina. Miaka 66 ilikuwa imepita. Mwaka 1998 kitabu cha Vasili kilitoka. Mwaka 2003 Wharton aliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa Uingereza. Na mnamo Oktoba 2014, baada ya kampeni iliyoanzia Darlington, mji uliompa goli lake la kwanza, sanamu yake kubwa ilizinduliwa St George's Park, mahali ambapo timu ya taifa ya England inafanyia mazoezi. Sanamu inamwonyesha hewani, amejinyoosha, mkono mmoja ukiuondoa mpira juu ya goli.

Hivyo timu ya taifa ambayo haikumwita akiwa hai inapita mbele yake kila inapokwenda mazoezini.

Heshima hiyo ni nzuri, lakini haikumlisha. Wharton hakuhitaji sanamu mwaka 1902. Alihitaji timu inayolipa mshahara hadi mwisho wa msimu, akiba kidogo, na kazi nyingine ambayo elimu yake ilikuwa imemstahilisha. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokosekana, na ndiyo yanayokosekana hadi leo kwa wachezaji wengi wa madaraja ya chini, kutoka Bunia hadi Kalemie. Anayetaka kumheshimu kipa wa Accra anaweza kuanzia hapo: kwa kumwandikia mchezaji mkataba, kumlipa kwa tarehe, na kuuliza, angali anacheza, atafanya nini siku atakapoacha.